Makofi ya Jumanne

Katika kliniki moja ya sukari huko Homa Bay kulikuwa na desturi: aliyepungua kilo alipigiwa makofi. Jumanne ya kwanza ya mwezi wagonjwa walipanda mizani mmoja mmoja, Sister Valary akasoma uzito kwa sauti, na benchi likaamua kama mtu anastahili makofi au maneno.

Jedidah alipigiwa mara tatu. Anayakumbuka yote. Februari alipungua kilo nne, na Gordon, dereva mstaafu ambaye hajawahi kupungua hata robo, akamwambia, "Nyar Rusinga, binti wa kisiwani, unarudi usichana. Mzee wako ajichunge." Wakacheka. Yeye pia alicheka, ingawa hakuwa ameacha chakula. Chakula ndicho kilichomwacha. Aprili zikaenda tano nyingine, akazawadiwa leso. Juni, alipofika kilo sitini na sita, makofi yalikuwa marefu kuliko yote, na siku hiyohiyo sukari yake ilikuwa imepanda vibaya. Sister akamwuliza kwa upole kama anakula chapati kwa siri. Jedidah akasema mgongo unamuuma, hapa, nyuma ya tumbo, hasa akilala chali. Kwenye daftari lake la kliniki yakaandikwa maneno mawili: sukari, aendelee.

Miaka kumi na miwili ya ugonjwa huo ilikuwa imemfundisha kwamba mwenye sukari haruhusiwi kuugua kitu kingine. Macho yakififia, sukari. Miguu ikifa ganzi, sukari. Hata huzuni, sukari.

Agosti alikwenda Migori kwa binti yake, Beverly, ambaye alimtazama macho, akaona umanjano, akampeleka kwa daktari kabla hajamaliza chai. Daktari huyo, Machuki, alipoona kilo zilivyoshuka ndani ya daftari, aliuliza jambo moja.

"Mama, ulitaka kupungua?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Picha ya tumbo ilionyesha uvimbe kwenye kongosho. Machuki alieleza taratibu kwamba wenye sukari wako katika hatari zaidi ya kupata saratani kadhaa, hiyo ikiwemo. Wengi hawaipati. Lakini mtu akikonda bila kutaka, huku sukari ikipanda bila sababu, lazima sababu itafutwe mapema. Yake haikutafutwa mapema. Kwa upasuaji wakati ulikuwa umepita. Jedidah aliitikia kama anayetajiwa bei ya omena sokoni. Ile ganzi ya miguuni ilikuwa imepanda hadi juu.

Oktoba akarudi kliniki, kwa sababu saratani haikuondolei dawa za sukari. Akakaa mwisho wa benchi. Mbele yake Nyamusi, au Mama Liz, muuza ndizi kutoka upande wa Wakuria, akapanda mizani. Kilo sita zilikuwa zimepotea. Mikono ikainuka.

"Msipige," Jedidah akasema. Hakupaza sauti.

Gordon akamtania kwamba bingwa anaogopa kunyang'anywa taji. Jedidah akamgeukia Nyamusi.

"Mama Liz, ulitaka kupungua?"

Nyamusi akaitazama leso mpya pale mezani. Akasema hapana, chakula kinamkataa tangu Julai, na aliona haya kulalamika wakati kila mtu anamfurahia.

Sister Valary alikuwa tayari ameandika "vizuri sana".

"Kata hilo," Jedidah akamwambia. "Andika hakutaka. Halafu umwandikie barua ya kwenda kupigwa picha."

"Mama Beverly, tungoje kwanza mwezi ujao tuone kama—"

"Mimi uliniandikia niendelee, sister. Nikaendelea."

Akamsukumia daftari lake juu ya meza, limefunguliwa pale pa Juni. Valary alisoma kwa muda mrefu kuliko maneno mawili yanavyohitaji. Akakata. Akaandika. Nyamusi akashuka na barua mkononi, akaiacha leso mezani.

Jina lililofuata lilikuwa la Jedidah. Alivua malapa, akapanda. Baridi ya chuma hakuisikia kabisa.

"Hamsini na nane," Valary akasoma.

Gordon aliitazama mikono yake, kisha akaikalia.