Makofi ya Bondeni

Bonde lile lilikuwa na tabia ya watu wapole: kiangazi chote kimya, mpaka mvua inyeshe ndipo ujue lilikuwa na nini kifuani. Wenyeji walilijua. Nyumba zao walizijenga kandokando, katikati wakayaachia maji njia yake. Sasa hapo katikati palichomekwa vigingi vyenye utepe mwekundu, na bango kubwa la picha likasimamishwa: maduka chini, makazi ghorofani, na miti mizuri isiyowahi kuota popote.

Fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, alichaguliwa kuwasemea majirani mbele ya kamati ya mipango miji ya halmashauri. Alikuwa na mdomo, na tena mume wa dada yake alikuwa diwani, mjumbe wa kamati hiyo hiyo. Nyumba yake ndiyo ya chini kabisa, na ndani yake alilala mama yake mzazi, ambaye miguu ilikuwa imemkataa. Mradi ukipita, maji yatakosa njia. Yakikosa njia, yataanza kubisha hodi kwake.

Siku moja kabla ya mkutano, majirani walikaa barazani kwake.

"Tusianze na kelele," kinyozi akasema. "Watatuita wahuni."

"Kwani mimi nimesema tuwarushie mawe?"

"Wewe tunakujua. Ulimi wako una meno."

Wakacheka, wakakubaliana. Wenye mradi, kwa kuwa ni wageni, wapokewe kiungwana, wapigiwe makofi, kisha Mama Pindo asimame aseme hatutaki. Mgeni hapokewi kwa ngumi. Wote waliona ni shauri jema.

Ukumbi wa halmashauri ulinuka rangi mbichi. Mezani paliwekwa mfano wa majengo uliotengenezwa kwa kadibodi, na bonde lilikuwa limefunikwa karatasi ya kijani, imenyooshwa kama shuka juu ya maiti. Mwenyekiti, bwana mnene mwenye sauti ya asali, akasema wajumbe wamekwenda kukagua eneo wenyewe.

"Gari tuliliegesha katikati kabisa," alisema. "Pakavu kama kiganja changu hiki."

Mama Pindo akamtafuta shemeji yake kwa macho. Siku zote wakionana lazima warushiane vijembe, hata msibani. Leo diwani alijikuna shingo, akainama kutazama viatu vyake.

"Ndugu wananchi, mwenye mradi ndiye huyu, na kazi yake ndiyo hii mezani. Tumpokee!"

Makofi yakalipuka. Kinyozi alipiga mpaka akasimama. Mama Pindo naye alipiga, maana ndivyo walivyokubaliana. Mwenyekiti akasubiri makofi yatulie, akagonga meza kwa kinyundo cha mbao.

"Wananchi wameridhia. Katibu, andika."

Ukumbi ukashtuka, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Mama Pindo akainuka.

"Samahani, mheshimiwa. Sisi tumempokea mgeni, hatujampa nyumba."

Watu wakacheka. Mwenyekiti pia akacheka, kwa raha kabisa.

"Mama yangu, hapa jambo hupita kwa makofi. Ndio utaratibu wetu tangu zamani. Mngekuwa hamtaki, mngekaa kimya."

"Tukae kimya mbele ya mgeni? Sisi tumelelewa."

"Basi mmelelewa vizuri. Ajenda inayofuata."

"Na maji, mheshimiwa? Maji yatapita wapi?"

Mhandisi wa mradi akageuka, akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto anayeogopa kivuli. "Maji gani, mama? Wewe umeyaona leo?"

Malori yalianza kesho yake. Yalishuka na udongo mwekundu, yakamwaga katikati ya bonde, yakarudi kuchukua mwingine. Kila lilipomwaga moja, ukuta wa chumba cha mgonjwa ulitetemeka na unga wa chokaa ukamwagikia shuka.

"Nani anabisha?" mama akauliza.

"Hakuna mtu, mama. Ni kazi tu."

"Mwambie aingie basi, asisimame nje."

Kinyozi alikuja na sura ya aliyefiwa. "Tutakata rufaa, dada."

"Rufaa inatembea kwa mkongojo, kaka. Mawingu yana mbio."

Naye hakusema kwa kutisha watu. Upande wa milimani mbingu ilikuwa imeiva, nyeusi kwa chini, bila upepo wala ngurumo. Mama Pindo akafunga cherehani yake kwenye mkokoteni, akausukuma kupanda mtaa wa juu, kwa dada yake. Aliyefungua mlango ni diwani.

"Naleta cherehani tu, shemeji," alisema huku akihema. "Usiogope, sijaja kukuoa."

Alingoja jibu. Kwa kawaida angeambiwa hana mahari ya kutosha. Diwani alishika upande wa pili wa cherehani, wakaiingiza ndani, wakaitua kando ya kabati. Ndipo akatoka tena mpaka kizingitini, akatazama chini bondeni, ambako lori lilikuwa linainua tena bodi lake.

"Na mama mlete," akasema.

"Kesho nitatafuta watu wa kumbeba."

"Leo." Alikuwa tayari anavaa viatu. "Twende wote. Hapana, usifunge mlango. Twende."