Shangazi wa Kwenye Simu

Haya, wewe uliyetega sikio, hiki nakutegea: kila asubuhi anakujulia hali, ukimwambia unaumwa anakupa nyota. Nani huyo? Umeshindwa? Basi mji nimeshauchukua, sikiliza.

Ni programu ya simu ya kuwajulia hali wafanyakazi. Aliyeibuni ni dada mmoja mwembamba, ofisini kwao wakimwita Bi Mipango. Kiwanda cha mikate kiliinunua, na waokaji wakaibandika jina la Shangazi, kwa udadisi wake. Inauliza, "Umeamkaje?" na watu wote mia wanabonyeza kile kikatuni kinachocheka. Wote! Hata aliyefiwa.

Mwenye kiwanda akachoka. "Tunadanganyana hapa," akamwambia Bi Mipango. "Niletee mpango mpya leo kabla ya saa sita, la sivyo naifuta." Na Bi Mipango hana mteja mwingine, maskini.

Bi Mipango akaenda kusimama mlangoni, kwenye joto la tanuri. Akapita mkuu wa waokaji, mama wa makamo, mkono una bandeji. Akabonyeza kicheko kwa kiwiko.

"Mama, umeungua halafu unacheka?"

"Mwanangu, juzi nilibonyeza kinacholia. Shangazi akanipa nyota, akaniambia nivute pumzi mara kumi. Kufika ya saba, trei mbili zimekuwa makaa! Halafu msimamizi akaja kuniuliza nina kinyongo na nani. Kumbe Shangazi ana umbea pia!"

Waokaji wakaangua kicheko.

"Na wewe, umeamkaje?" mama akauliza.

"Salama tu."

"Hilo mpe Shangazi. Mimi nakuuliza mwenyewe." Akaweka trei chini, akakalia kreti, akangoja.

Bi Mipango akatazama saa. Ilikuwa saa sita kasoro robo. Akapanda ngazi mbilimbili, akaketi na kompyuta yake. Akafuta nyota, akafuta pumzi kumi, akafuta orodha ya majibu aliyokuwa akipelekewa msimamizi. Badala yake, mfanyakazi atachagua mwenzake mmoja, wakae dakika kumi, kazi zao zishikwe na wengine.

Mwenye kiwanda akasoma, akakuna kidevu. "Dakika kumi za kukaa bure?"

"Za kungoja jibu, mzee. Shangazi wetu alikuwa hangoji."

"Haya. Nakupa mwezi mmoja."

Alipoteremka, mapumziko yameanza, na mama yuko palepale juu ya kreti. "Sijaondoka, mwanangu."

Bi Mipango akavuta kreti lake, akakaa.

"Nimeamka vibaya, mama. Kila asubuhi namuuliza binti yangu ameamkaje, huku nafunga viatu. Naye siku hizi ananijibu, 'Salama tu.'"