Jina la Merle Pelkey

Lorna alikuwa amebakiza wiki mbili tu za kumlinda baba yake. Baada ya hapo wanachama wangepiga kura ya mchujo, na baba huyo, Seneta Alden Farnsworth, mwenye miaka themanini na tatu, angejua kama chama bado kinamtaka au kimemgeukia Dana Pelkey, mwanamke aliyezaliwa yeye akiwa tayari yuko Seneti.

Asubuhi hiyo ya kuwakumbuka waliokufa vitani, mji mzima wa Harlow Mills ulikuwa umekusanyika mbele ya mnara wa kumbukumbu. Kila mwaka seneta ndiye anayetaja majina ya vijana wa mji, kwa kichwa, na kila jina likitajwa kanisa hugonga kengele.

"Baba, shika karatasi," Lorna alinong'ona.

"Karatasi ya nini? Nikiishika leo, kesho Dana atasema mzee anaandikiwa hata jina lake."

"Seneta, ukichoka tukuletee kigoda?" mtu alidakia kutoka nyuma.

"Kalia wewe, Roscoe. Mimi nasimama hapa tangu babako hajaoa."

Watu wakacheka. Lorna akapumua kidogo.

Mzee akaanza, na sauti yake ilikuwa nzima. Jina, kengele. Jina, kengele. Akafika kwa vijana waliokufa Vietnam, akataja wawili, kisha akainamisha kichwa na kurudi nyuma kama aliyemaliza.

Hakuna aliyesogea. Mpiga kengele alikuwa bado ameshika kamba. Kila mtu pale alijua limebaki jina la Merle Pelkey, ami yake Dana. Simu zilikuwa juu zikirekodi. Dana alisimama mstari wa mbele, midomo ameibana. Neno lake moja lingemaliza uchaguzi, naye hakulisema. Alimtazama Lorna tu.

Lorna akinyamaza, marehemu amedhulumiwa. Akisema, ameutangazia umma kwamba baba yake amekwisha. Lorna akasogea kwenye kipaza sauti.

"Merle Pelkey."

Kengele ikalia.

Ndani ya gari mzee alifoka. "Umenivua nguo mbele ya watu. Mwanangu wa kumzaa."

"Ulimruka Merle, Baba. Mlikwenda vitani pamoja. Wewe ndiye uliyesindikiza jeneza lake mpaka kwa mama yake."

Hasira ikamtoka. Akamtazama kwa upole, kama mgeni anayeuliza njia.

"Merle yupi?"

Lorna akazima injini. Dana alikuwa bado pale mnarani, akiagana na watu. Lorna akashuka, akamfuata, amweleze mwenyewe kwamba baba hawezi tena.