Sauti ya Bazilio Kwenye Mkanda wa Kijapani

Alhamisi moja ya mwaka 2013, saa tisa alasiri, Adija alikuwa akichambua maharage nyuma ya kibanda cha video cha mumewe Tamimu, Kasulu mjini. Mwanamke wa kwenye mkanda wa Kijapani akatoka kwenye televisheni, akaja kuketi karibu naye. Alikuwa amejifunga shuka. Adija akampa kitenge.

Mkanda ulikuwa wa zamani, wa mambo ya wakubwa, ulioingia mjini ndani ya robota la mitumba. Kwa vile Kijapani hakuna anayekijua, Bazilio, mtafsiri wa filamu kutoka Kibondo, aliufanyia kama anavyoifanyia mikanda yote: alitazama midomo, akabuni maneno, akayarekodi kwa sauti yake.

Shida ikawa hapo. Kila alipofungua mdomo mwanamke huyo, ilitoka sauti ya Bazilio, nzito, yenye mafua, ikisema, "Karibu mpenzi, mimi wako." Huku mwanamke mwenyewe anatikisa kichwa kukataa, machozi yanamtoka. Adija alivumilia wiki mbili.

Wakati huo wakusanyaji wa filamu walikuwa wameanza kuja, mmoja wa Dar es Salaam, mwingine Mzungu. Walisema nakala hii ndiyo pekee iliyobaki duniani. Walimpita mwanamke bila kumsalimu, wakauliza kama dakika zote zimo.

Adija akamwita Bazilio.

"Shemeji, hiyo ni kazi," Bazilio alisema. "Nani atalipa kiingilio amwone mtu anakataa?"

"Mtoe sauti yako mdomoni. Aseme mwenyewe."

Bazilio akaifuta. Mwanamke akameza mate, akasema neno moja la kwao, kwa sauti nyembamba. Akalirudia. Jirani yao Dorcas, mwenye Kirundi na Kiswahili tu, alielewa. Bazilio akasema yeye alidhani ni mapenzi.

Mzungu alifurahi sana. Aliandika kwenye daftari kwamba sauti ya asili imepatikana, akampa Tamimu televisheni mpya, akachukua mkanda. Mwanamke alimfuata hadi kwenye gari akilisema neno lile. Mzungu akapandisha kioo.

Mwanamke hakurudi kwao. Sasa analima na Adija huko Kitanga, na majirani wanamsalimu kwa Kiha. Ila siku nyingine anaangusha jembe katikati ya tuta, anajikumbatia, anaanza kulisema. Adija anajua kuna mtu huko mbali ameuwasha ule mkanda. Anaketi naye, wanasubiri. Filamu ni ya dakika sabini na mbili.