Kupima Sauti ya Kengele

Wanafunzi wa baba walimwita Kengele, kwa sababu akiita jina lako darasani, hata walioko uwanjani wanaitika. Sasa daktari alikuwa amesema zoloto lote la kooni linatolewa Jumatatu, na sauti inaondoka nalo. Dada akaandika orodha ya maneno sitini tuyarekodi, yawekwe kwenye simu, baba awe anabonyeza tu: "Nina kiu." "Zima taa." "Usinipigie kelele." Mimi ni fundi wa studio. Niliipokea orodha ile kama kazi ya mteja yeyote. Nisiseme uongo, moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Orodha ililetwa kwangu, si kwa baba. Hao wawili hawakuwa wamesemezana kwa miaka sita, tangu dada aache chuo cha ualimu akafungue saluni. Kila neno lilipitia kwangu. "Mwambie dada yako mlango wa nyuma umeharibika." "Mwambie baba nitamtafuta seremala." Nilikuwa posta yao, bila mshahara.

Nikamketisha baba mbele ya maiki, shibiri moja kutoka mdomoni, nikamvalisha hedifoni, nikarudi upande wangu wa kioo. Mbele yangu kuna kisanduku kinachoipa nguvu sauti ya maiki kabla haijaingia kwenye kompyuta. Nikawasha swichi ya umeme wa maiki. Nikabonyeza ile ya kukata muungurumo, maana feni ya jirani haina adabu. Kisha nikashika kitufe kikubwa cha kuzungusha, ndicho cha kuongeza nguvu. Ukikizidisha, sauti inapasuka. Ukikipunguza mno, inazama kwenye mvumo.

"Baba, zungumza chochote, napima."

"Chochote?"

"Chochote tu."

Akakohoa. "Mwambie dada yako..." akaanza, na hapo masikio yangu yakafanya yalivyozoea. Nilisikia p zake zinaigonga maiki kama mtu anayepuliza mshumaa, nikamwashiria ageuze uso kidogo. Mara sauti ikapanda, taa nyekundu ya kuonya kwamba imezidi ikawaka, nikapunguza. Ikashuka, karibu kunong'ona, nikaongeza. Aliendelea dakika nne hivi. Mshale wa kipimo ukatulia pale ninapopataka, na hapo ndipo nikabonyeza kurekodi. Ndivyo tunavyofanya mafundi wengi: majaribio hayarekodiwi, yanajaza diski bure.

"Haya baba, tuanze."

Akanitazama kupitia kioo kama hajanielewa, kisha akaichukua orodha. Alisoma yote sitini kama mtu anayesoma matangazo gwarideni. Alipofika la mwisho, sauti ilikuwa imemkauka kabisa. Taa nyekundu haikuwaka hata mara moja.

Jumatano tulikwenda hospitali, mimi na dada. Baba alikuwa ameegemea mito, bandeji shingoni, daftari mapajani. Dada alisimama upande wa miguuni na simu mkononi, maneno yote yameshapangwa. Baba hakuitaka. Aliandika, akamgeuzia dada daftari, si mimi.

"Yale ya mwanzo umeyasikia?"

Dada akanigeukia. "Ya mwanzo yapi?"

"Sikurekodi," nikasema. "Nilikuwa napima."

Baba akanitazama. Nilitegemea hasira, nayo haikuja. Dada akasogea karibu na mto, akamrudishia daftari.

"Basi andika, baba. Nipo hapa."

Akaishika kalamu, akaigusisha kwenye karatasi, ikakaa hapo hapo hadi wino ukafanya doa. Kisha akaandika neno moja, polepole: "Hayaandikiki."

Dada akalisoma. Akajifuta pua kwa kiganja, akanishika bega.

"Si wewe ulikuwa unasikiliza? Alisema nini?"

Nikatafuta. Nilikumbuka zile p. Nilikumbuka sauti ilipopanda, na ilipokaribia kunong'ona. Neno hata moja sikuliona.

"Sauti ilikuwa nzuri, dada," nikamwambia. "Ilikuwa nzuri sana."