Sindano ya Kabla ya Raundi

Daktari wa utafiti alituambia kwamba mume wangu hana fahamu tena. Walimvisha kofia ya nyaya, wakamwambia awaze anapiga mpira, na ubongo haukuonyesha kitu. Shauri lilikuwa kuchomoa mrija wa chakula. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, aliitikia kwa kichwa upesi mno.

"Mlimpima saa ngapi?" nikauliza.

"Asubuhi, mama. Kabla ya raundi ya profesa ya kukagua wagonjwa."

Hapo damu ilinichemka. Profesa hapendi kelele, kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajapita, muuguzi huwachoma sindano ya usingizi wagonjwa wote wanaoguna, mume wangu akiwemo. Wodi nzima inajua. Watu wa utafiti hutoka jengo la pili, na hakuna aliyejipa taabu ya kuwaambia.

"Mnamlaza mtu kwa dawa, halafu mnasema hayupo?"

Daktari alimgeukia muuguzi. Muuguzi akakiri kwamba alishamchoma sindano kabla hawajafika.

"Shemeji, usijipe matumaini hewa," akasema kaka mtu. "Mwache mwenzetu apumzike."

Huyo ndiye aliyekuwa akisimama kando ya kitanda kila siku akipanga nani atachukua funguo za karakana ya mume wangu ya kutengeneza majokofu, huku akimwita mdogo wake gogo. Nilimwambia anyamaze. Sijawahi kumvunjia heshima, lakini siku hiyo heshima ilinitoka yote.

Kesho yake mume wangu hakuchomwa sindano. Mchana walimvisha kofia tena. Daktari akamwelekeza polepole: kama ni ndiyo, awaze anapiga mpira; kama ni hapana, awaze anatembea nyumbani kwake, chumba hadi chumba.

"Unamsikia mkeo?"

Mistari kwenye skrini ikapanda. Mpira.

"Unasikia maumivu?"

Mpira. Nililia kwa hasira, maana juzi tu walimshona kidonda cha mgongo bila ganzi, wakipiga soga.

Shemeji naye akaanza kulia. Akamwinamia, akamshika mkono. "Mdogo wangu, niko hapa. Daktari, muulize kama anataka nikae naye."

Daktari akauliza.

Safari hii mistari ikapanda upande wa pili wa skrini. Daktari akarudia swali, na jibu likawa lile lile. Mume wangu alikuwa anatembea nyumbani kwake, chumba hadi chumba.

Nilikwenda nikamfungulia shemeji mlango.