Mwavuli Kwenye Jicho

"Dada, hiyo bei ni ya picha au ya kununua kamera yenyewe?"

Aliyeuliza ni mama wa bibi harusi, mwanamke wa sauti kubwa na mkoba mkubwa zaidi. Alikuwa amesimama mbele ya kibao cha bei, mkono kiunoni, kama mtu aliyekuta ametukanwa ukutani kwa maandishi mazuri. Zamani Mama Picha, mwenye studio, angecheka, angejikuna shingo, na kabla hajamaliza kujikuna bei ingekuwa imeshashuka nusu. Ndivyo alivyokuwa, mpole mpaka unatamani kumfinya. Leo hakucheka.

"Ya picha, mama. Pamoja na kazi yote iliyo nyuma ya picha."

"Nyuma ya picha kuna nini? Mimi nazitaka za mbele!"

Ukuta wa pili ukagongwa, ko-ko-ko, na sauti ya mwenye nyumba ikapenya. Mwenye nyumba alikuwa mshonaji, chumba chake kimepakana na studio, na ukuta wenyewe mwembamba hivi kwamba akipiga chafya kule, huku unasema pole.

"Mama Picha! Unakaa au unahama? Kuna mtu wa saluni anakitaka chumba, na mimi nilisema leo ndiyo mwisho!"

"Nakupa jibu leo, mama!"

"Jibu la leo, siyo la kesho lililovaa nguo za leo!"

Hapo ndipo mambo yalipokuwa yamefika. Mkataba umekwisha, wateja wamepotea, na kitambaa kibichi kilikuwa tayari juu ya stuli. Mama Picha alikuwa amekilowesha tangu asubuhi ili afute ile bei, arudishe ya zamani, na kama ya zamani nayo ikishindwa, basi akunje mapazia yake akauze kitu kingine maishani. Kilichomchelewesha ni mkono tu. Mkono ulikuwa hautaki.

Kwa sababu bei ile, jamani, aliitunga kwa machozi. Siyo peke yake. Na wifi yake.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa mpambaji, watu wote wakimwita Poda. Alikuwa na pembe yake humo humo studio: kiti kirefu, kioo kilichozungushiwa balbu kama shanga, na sanduku la vipodozi ambalo ukilifungua unadhani umefungua duka zima. Maharusi waliingia kwake wakiwa wamelala, wakatoka wameamka. Halipi kodi. Ni wifi, atalipaje?

Basi jioni moja Poda alimkalisha chini.

"Wifi yangu, hebu nieleze. Bei yako unaipangaje?"

"Wino, karatasi, nauli, na kidogo cha juu."

"Umeme?"

"Aa... umeme."

"Kodi? Lenzi itakayokufa siku moja bila kuaga? Usiku unaokesha kwenye kompyuta unawasafisha watu sura?" Poda alimshika mashavu yote mawili kwa viganja vyenye harufu ya krimu. "Kwenye bei yako kuna wino, kuna karatasi, kuna hadi nauli. Wewe uko wapi? Wewe mwenyewe humo hujawekwa, wifi!"

Mama Picha alilia. Alilia kweli, kwa sababu katika miaka yote ya kuwaambia watu watabasamu hakuna aliyewahi kumuuliza yuko wapi. Ndiyo hiyo bei. Iliandikwa na Poda mwenyewe, kwa mwandiko wake wa madaha, kila herufi na mkia.

Tangu siku ile wateja wakawa wanaingia, wanasoma, wanashika vifua, wanatoka. Na kila wakitoka Poda alikuwa anaruka kwenye kiti chake. "Ngoja niwasindikize, wifi, labda nitawabembeleza." Anawasindikiza mpaka kona. Anarudi peke yake, anatikisa kichwa. "Wagumu hao! Lakini usishushe, eh? Ukishusha umekwisha."

Sasa turudi kwa mama wa bibi harusi, ambaye alikuwa amefungua mkoba, akatoa simu.

"Mimi sibishani na mtu bila ushahidi," alisema. "Mtoto wa dada yangu alipigwa Jumapili iliyopita. Nusu ya bei yako, na humo humo kapambwa! Tazama. Ina tofauti gani na zako?"

Mama Picha aliipokea simu kwa adabu, kama unavyompokea mtu mtoto wake hata kama ni mbaya. Ila picha haikuwa mbaya. Binti alikaa vizuri, shingo ndefu, pazia la nyuma la kijivu. Mapazia ya kijivu yako kila mahali. Akaivuta kwa vidole viwili. Uso ukajaa. Akavuta tena. Likabaki jicho.

Na ndani ya jicho kulikuwa na mwavuli wake.

Niwaeleze vizuri. Mtu akikaa mbele ya taa ya studio, taa ile inaonekana ndani ya mboni yake, doa dogo jeupe. Doa hilo ndilo linalofanya jicho liwe hai. Bila lenyewe mtu anaonekana kama samaki wa juzi. Taa ya Mama Picha ilikuwa na mwavuli mweupe, na mwavuli huo ulivunjika ubavu mmoja, akaufunga kwa utepe mweusi kwa kuwa mpya ulikuwa ghali. Kwa hiyo kila aliyepigwa pale alikuwa na mwezi ndani ya jicho, mwezi uliong'atwa pembeni. Na kila usiku Mama Picha alikaa na kompyuta akiufuta mng'ato ule, jicho moja baada ya jingine, mpaka mwezi unakuwa mzima. Hakumwambia mtu. Alikuwa anaona aibu ya mwavuli wake.

Kwa hiyo hapakuwa na mtu duniani aliyejua kwamba kuna kitu cha kufuta.

Mng'ato ulikuwepo. Kulia juu, pale pale pa siku zote. Na pembeni yake, vidogo kama chembe za sukari, vitone vya mwanga vimejipanga mduara. Balbu za kioo.

"Umenyamaza," alisema mama wa bibi harusi. "Umekubali?"

"Aliyempiga ni nani, mama?"

"Jina sikuliuliza. Mrefu, mcheshi, anaita kila mtu wifi."

Mama Picha akamrudishia simu. Alikuwa anatabasamu. Ilikuwa desturi ya uso wake tu, uso ulikuwa bado haujapata habari.

"Niachie mpaka mchana," alisema.

"Naenda sokoni, nikirudi nakuja na binti. Lakini uwe umeshuka, mwanangu. Mimi siyo benki."

Alipotoka, Mama Picha alibaki anazitazama balbu za kioo cha Poda. Jumapili Mama Picha huwa hafungui. Huenda kwa mama yake mzazi, mama aliyelala kitandani, kumfulia na kumgeuza. Ufunguo wa pili anao Poda, kwa ajili ya kiti chake. Sawa. Hiyo ilieleweka, ingawa ilikuwa inaeleweka kama msumari unavyoeleweka na mguu. Lakini kamera? Kamera hii iliyoko shingoni alikwenda nayo. Hulala nayo. Kamera ya pili iliharibika, na mumewe ndiye aliyeichukua, akaipeleka kwa fundi, na mpaka leo inasubiri spea.

Hapo alikaa juu ya kile kitambaa kibichi bila kujua.

"Wifi wa dhahabu! Chai imefika, na umbea umefika!" Poda aliingia na chupa ya chai, viatu vya mchuchumio vikilia kwenye sakafu. "Nimekutana na yule mama mwenye mkoba kama sanduku la msafiri. Kakukimbia na yeye? Pole. Ila usishushe, mi' nakwambia kila siku..."

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Jumapili? Nyumbani, nalea kucha zangu."

"Ulimpiga picha binti mmoja hapa. Pazia langu, taa yangu."

Poda alicheka. Alicheka vizuri sana, kicheko cha kumpa mtu chai. "Nani kakudanganya, wifi? Mimi na kamera wapi na wapi? Mimi najua brashi tu."

"Jicho lake limeniambia."

"Jicho!" Poda aliweka chupa chini. Akamtazama sasa kwa makini. "Haya. Mmoja. Ndugu wa rafiki yangu, alikuwa na shida, nikamsaidia. Kamera nilikuwa nimeazima."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu."

Mama Picha hakupiga kelele. Laiti angepiga, hata mshonaji kule ng'ambo ya ukuta alikuwa amesimamisha cherehani, anasubiri. Alichukua simu yake, akampigia mumewe, akaiweka mezani katikati ya wanja na poda, sauti imefunguliwa.

"Naam, mke wangu."

"Samahani kukusumbua kazini. Ile kamera yangu kwa fundi, imefikia wapi?"

"Aa, ile." Nyuma yake ilisikika pikipiki inawashwa, alikuwa anauza vipuri vya pikipiki. "Nilipita kwake juzi tu. Bado anasubiri spea. Kuna kidude kimoja ndani, kinatoka mbali."

Poda alikuwa amesimama mbele ya kioo chake. Kioo kilimwonyesha mara mbili, mgongo na uso, na pande zote mbili zilikuwa zinaogopa. Akaliinamia sanduku la vipodozi. Akatoa treya ya juu, akatoa ya kati. Chini kabisa, imefungwa ndani ya taulo la kuoshea nyuso, akaitoa kamera. Ilikuwa bado na mkanda wake, ule ambao Mama Picha aliushonea kitambaa laini ili usimkate shingo. Akaiweka mezani, taratibu, karibu na simu.

"...fundi anasema labda mwezi ujao," mumewe alikuwa anaendelea. "Siyo kosa lake, unajua, mafundi wa siku hizi. Usijali. Naifuatilia mimi mwenyewe."

"Asante, mume wangu," alisema Mama Picha, akakata.

Wakabaki wanaitazama ile kamera kama maiti ya mtu wanayemfahamu wote wawili.

"Alisema utafunga tu," Poda alisema, sauti ndogo. "Kaka. Alisema huna moyo wa biashara, utahangaika halafu utafunga, kwa nini kamera ikae bure. Tungegawana, mimi na yeye. Na ukishafunga, chumba ningekichukua mimi."

"Na bei? Ukaniambia nipandishe ili wateja wakukute kona?"

"Hapana!" Na hapo Poda alikasirika kweli, hasira ya mtu aliyesingiziwa kitu kimoja juu ya kumi alivyofanya kweli. "Bei ile nilikushauri kwa moyo wangu wote. Bei ile ni ya haki! Ya kona yalikuja baadaye. Walipoanza kuondoka niliona... niliona wanaondoka tu, wifi. Wanaondoka na hela zao."

"Na wewe, kwenye nusu bei yako, ulijiweka wapi?"

Poda akafungua mdomo. Hakuwa na kodi, hakuwa na umeme, hakuwa na usiku wa kufuta macho. Alikuwa na mdomo uliopakwa rangi vizuri tu.

"Ufunguo," Mama Picha alisema.

"Wifi, sisi ni ndugu. Kaka atasemaje?"

"Kaka yako ana maneno mengi, hakosi la kusema. Ufunguo, Poda."

Ulitua mezani. Kwa mkono wake mwenyewe Mama Picha alivuta kile kiti kirefu mpaka mlangoni, kikaikwaruza sakafu kwa kilio kirefu, halafu akarudi akachomoa kioo kwenye umeme na balbu zikazimika zote kwa mpigo. Poda alikibeba kioo kifuani, na sanduku mkononi, akasimama barabarani akiwa na sura ya mtu mwingine, maana jua la mchana halimpambi mtu. Wapita njia walimsalimia. Aliitikia kila mmoja.

Ndipo Mama Picha akaona sketi yake imelowa. Akakitoa kile kitambaa juu ya stuli, akakikamua ndooni, akakitundika.

Ko-ko-ko. "Mwanangu." Sauti ya mshonaji ilikuwa imepungua ukali, sauti ya mtu aliyesikia yote na anayejifanya hakusikia. "Yule wa saluni nimwambieje?"

Alitaka kusema nipe dakika. Alitaka kusema sijui nitalala wapi leo, mama, na mtu gani. Midomo ikatangulia.

"Nakaa!"

"Unakaa?"

"Nakaa, mama."

Halafu cherehani ikaendelea.

Simu yake iliita mara nyingi mchana ule, jina la mumewe linawaka na kuzimika. Aliigeuza kifudifudi. Alipanga mapazia. Alifagia pembe iliyobaki wazi, na ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Pangetosha benchi, watu wakae wakisubiri, kama wangekuwepo watu.

Mama wa bibi harusi alirudi na vikapu, na nyuma yake binti mwembamba mwenye haya, viatu mkononi kwa sababu ya joto. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye kibao. Akasoma. Akasoma tena, labda kuna mahali pamebadilika.

"Hujashuka!"

"Sijashuka, mama."

"Na yule mwingine wa nusu? Tukimfuata yeye?"

"Hana tena mahali pa kupigia."

"Mnh." Mama aliweka vikapu chini, akakunja uso, akaanza kuhema kama mtu anayejiandaa kwa mabishano marefu ya raha. "Sasa nieleze vizuri, mwanangu, maana mimi siondoki bila kuelezwa. Hiyo kazi ya nyuma ya picha ni kazi gani?"

Mama Picha alifungua mdomo ajibu. Akaanza na umeme, akaja kwenye usiku wa kukesha. Alipokuwa anaeleza, binti alipita katikati yao bila kuambiwa na mtu, nyayo zake zikiacha alama za vumbi kwenye sakafu iliyofagiliwa. Akaketi kwenye stuli, akaweka mikono mapajani, akanyoosha shingo. Mama yake alikuwa bado mlangoni, kidole juu ya zipu ya mkoba, anasikiliza.